Ibada, Haki na Uongozi katika Sheria ya Musa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hujirudia kila sehemu hii ya Torati inapofundishwa. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayoleta ubishi, na pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji ameelekezwa kwenye swali husika. Aya zilizotajwa bila jina la kitabu ni za Kumbukumbu la Torati, au za kitabu kilichotajwa punde tu kabla yake.

## Mambo ya msingi

1. Sheria zinazozungumziwa hapa ziko wapi katika Biblia?

Kiini chake ni Kumbukumbu la Torati 16:18 hadi 18:22. Musa, akiwa katika nchi ya Moabu ng'ambo ya Yordani, anawaeleza Waisraeli jinsi watakavyoongozwa wakishaingia Kanaani. Humo wanatajwa viongozi wa aina nne: waamuzi, mfalme, makuhani Walawi na manabii, kila mmoja na kazi yake na mipaka yake. Sheria nyingine zinazogusa mambo hayohayo zimo katika Kutoka 18 na sura za 20 hadi 23, Mambo ya Walawi 19, na Kumbukumbu la Torati 13, 19, 24 na 25.

Ni vizuri kuisoma sehemu hii kwa mfululizo, maana mpangilio wake wenyewe unafundisha. Waamuzi wa kila mji wametangulia, mfalme amefuata baadaye, naye ndiye pekee ambaye taifa lingeweza kuishi bila yeye.

2. Kwa nini sheria za madhabahu zimechanganywa na sheria za mahakama?

Swali hili huwajia wengi wanapofika mwisho wa sura ya 16. Aya ya 18 hadi ya 20 zinahusu waamuzi na rushwa. Mara aya ya 21 inakataza ashera, yaani mti wa kumwabudu mungu wa kike wa Wakanaani, kando ya madhabahu, 17:1 inakataza kumtoa mnyama mwenye kilema, kisha 17:2 inarudi mahakamani. Msomaji anaweza kudhani kwamba aya hizo zimepotea njia.

Jibu limo katika 10:17-18, ambapo Musa anamweleza Mungu kuwa hapendelei nyuso, hakubali rushwa, huwafanyia yatima na mjane hukumu ya haki, na humpenda mgeni. Maneno yaleyale yanayomweleza Mungu ndiyo wanayopewa waamuzi kama amri katika 16:19. Mwamuzi anayepokea rushwa anatoa ushuhuda wa uongo kuhusu Mungu ambaye watu wake wanamwabudu, na taifa linaloabudu miungu inayonunulika kwa sadaka halitaona ajabu mahakama nayo ikinunulika. Karne nyingi baadaye Yeremia alimwambia mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba bila kuwalipa wafanyakazi, kwamba baba yake Yosia aliwaamua maskini na wahitaji kwa haki, na kwamba huko ndiko kumjua Bwana (Yeremia 22:13-16). Sijui aya nyingine inayounganisha ibada na haki kwa nguvu kuliko hiyo.

3. Je, Mkristo anafungwa na sheria hizi?

Yesu alisema hakuja kuitangua torati bali kuitimiliza (Mathayo 5:17), na mitume walifundisha kwamba dhabihu za wanyama zimefikia ukomo wake katika dhabihu yake (Waebrania 10). Tangu Thomas Aquinas katika karne ya 13, na baadaye katika Ungamo la Imani la Westminster la 1646, wanateolojia wengi wameigawa sheria katika mafungu matatu: ya maadili, ya ibada na ya uendeshaji wa taifa. La kwanza hudumu, la pili limetimizwa, na la tatu lilikoma pamoja na taifa lile, ingawa haki iliyomo ndani yake bado inafundisha.

Mgawanyo huo unasaidia, lakini usitumiwe kama panga la kukatia aya. Mambo ya Walawi 19 inaweka katika sura moja mshahara wa kibarua, sadaka ya amani, upendo kwa jirani na mbegu za shambani. Njia iliyo salama zaidi ni ile ya Paulo, ambaye kutoka katika sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka (Kumbukumbu la Torati 25:4) alitoa kanuni ya kumtunza mtumishi anayefanya kazi (1 Wakorintho 9:9-14). Aliuliza sheria ile ililinda nini, kisha akakitafuta kitu kilekile katika maisha ya kanisa.

## Ibada

4. Ikiwa madhabahu yenyewe ni ya Bwana, ashera kando yake ina ubaya gani?

Sheria haikusubiri mpaka Waisraeli wamwache Bwana kabisa. Ilikataza hata kupanda mti wa ashera karibu na madhabahu yake na kusimamisha nguzo (16:21-22). Hatari iliyokuwapo ilikuwa ya kuchanganya: watu waendelee kulitaja jina la Bwana, lakini wamwombe mvua na uzazi kwa njia za Kanaani. Ndivyo ilivyotokea. Yosia alipolitakasa hekalu, aliitoa ashera ndani ya nyumba ya Bwana yenyewe (2 Wafalme 23:6), na ilikuwa imekaa humo huku makuhani wakiendelea na kazi zao.

5. Kwa nini mnyama mwenye kilema alikataliwa?

Kwa sababu sadaka hupima heshima. Malaki aliwauliza makuhani wa siku zake, waliotoa wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, kama wangethubutu kumpelekea liwali wao zawadi ya namna hiyo (Malaki 1:8). Sheria haikudai ukubwa wa sadaka. Maskini aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa badala ya mwana-kondoo (Mambo ya Walawi 5:7). Iliwakataza watu kumpa Mungu kile ambacho wao wenyewe walikuwa tayari kukitupa.

6. Je, Mungu anaweza kuikataa ibada iliyofuata utaratibu wote?

Ndiyo, na manabii walilisema jambo hili mara nyingi kuliko tunavyopenda kulisikia. Amosi anamnukuu Mungu akisema anazichukia sikukuu na makusanyiko ya Waisraeli na hatazisikiliza nyimbo zao, kisha anaitaka hukumu itelemke kama maji (Amosi 5:21-24). Ukisoma aya zilizotangulia utaona sababu: walikuwa wakimkanyaga maskini, wakipokea rushwa, na kuwageuza wahitaji langoni wasipate haki yao (5:11-12). Isaya 1:11-17 inakwenda njia hiyohiyo.

Haifuati kwamba haki inachukua nafasi ya ibada. Yesu aliwaambia Mafarisayo, waliotoa zaka za mnanaa na bizari huku wakiacha adili, rehema na imani, kwamba iliwapasa kufanya haya bila kuyaacha yale (Mathayo 23:23).

7. Watumishi wa madhabahu waliishi kwa nini?

Walawi hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine. Kuhani alipewa bega, mashavu mawili na tumbo la mnyama aliyetolewa, pamoja na malimbuko ya nafaka, divai, mafuta na manyoya ya kondoo (18:1-5). Kwa hiyo kumtunza mtumishi ni jambo la sheria na halipaswi kuonewa haya.

Angalia lakini kwamba sehemu yake ilitajwa kwa jina. Wana wa kuhani Eli waliivunja sheria hiyo pale mtumishi wao alipotumbukiza uma wa meno matatu chunguni na kutwaa chochote kilichotoka, na wakati mwingine alipodai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, akitishia kuitwaa kwa nguvu (1 Samweli 2:12-17). Mtumishi alikuwa na haki ya kula, lakini hakuwa na haki ya kujipangia kiasi.

## Haki

8. Waamuzi walitakiwa kuwa watu wa namna gani?

Yethro, baba mkwe wa Musa, alimshauri awachague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli na wanaochukia mapato ya udhalimu, kisha awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi (Kutoka 18:21). Sifa hizo zinategemeana, kwa sababu mcha Mungu asiye na uwezo ataonea watu bila kujua, na mwenye uwezo asiyechukia fedha haramu ataonea akijua. Waamuzi walikaa katika malango ya miji, mahali ambapo kila mtu alipita na kusikia. Boazi alimaliza shauri la Ruthu hapohapo, mbele ya wazee kumi walioketi (Ruthu 4:1-2). Kesi iliyowashinda ilipelekwa kwa makuhani Walawi na mwamuzi wa mahali alipopachagua Bwana (17:8-9).

9. Je, zawadi ya shukrani nayo ni rushwa?

Sheria inaeleza rushwa kwa madhara yake: hupofusha macho ya wenye akili na kugeuza maneno ya wenye haki (16:19, Kutoka 23:8). Hata mwenye hekima hupofushwa, ndiyo maana anayesema "mimi zawadi hainibadilishi" anabisha na Maandiko. Kwa mtu ambaye uamuzi wake unaweza kumfaidi mtoaji, iwe kesi imekwisha au inakuja, lililo salama ni kukataa. Samweli, alipokuwa akiuacha uamuzi, alisimama mbele ya taifa zima akauliza ni ng'ombe wa nani au punda wa nani aliyemtwaa, na kwa mkono wa nani alipokea rushwa, nao wakakiri kwamba hapana (1 Samweli 12:3-5). Wanawe, Yoeli na Abiya, waliokuwa waamuzi Beer-sheba, hawakuweza kusema hivyo (8:1-3).

10. Je, sheria inampendelea maskini mahakamani?

Katika hukumu, hapana. Mambo ya Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini sawasawa na inavyokataza kumstahi mwenye nguvu. Hata hivyo sheria inajua kwamba mizani huelemea upande mmoja kabla kesi haijaanza, hivyo inamlinda mnyonge nje ya mahakama: mshahara wa kibarua ulipwe kabla jua halijachwa, vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe jioni apate kulalia, na mawe ya kusagia yasishikwe rehani kwa kuwa ndiyo uhai wa mtu (Kumbukumbu la Torati 24:6, 10-15).

11. Kwa nini walihitajika mashahidi wawili au watatu?

Ili mtu asiangamizwe kwa neno la mtu mmoja (17:6, 19:15). Katika kesi ya kifo mashahidi ndio waliotakiwa kutangulia kurusha jiwe (17:7), jambo lililomlazimisha shahidi kuubeba mkononi mwake uzito wa maneno ya kinywa chake. Aliyegunduliwa kusema uongo alitendewa kama alivyokusudia kumtendea ndugu yake (19:16-19). Agano Jipya linaitumia kanuni hiyo kwa nidhamu ya kanisa (Mathayo 18:16, 1 Timotheo 5:19). Kuhusu dhambi zinazotendwa sirini, tazama swali la 19.

12. Itakuwaje ikiwa mashahidi wenyewe wamenunuliwa?

Hapo ndipo kisa cha Nabothi kinapotufundisha (1 Wafalme 21). Nabothi wa Yezreeli alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, hakuwatuma askari. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga muhuri wa mfalme, na kuwaagiza wazee wa mji watangaze mfungo, wamketishe Nabothi mbele ya watu, na waweke watu wawili wasiofaa wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Ukihesabu, kila kitu kipo: wazee wa mji, kusanyiko la hadhara, mashahidi wawili kama torati ilivyotaka, na hata mfungo, ili uuaji uvae mavazi ya ibada. Nabothi alipigwa mawe nje ya mji, kama utaratibu ulivyokuwa.

Kuna jambo dogo katika aya ya 14 ambalo haifai kulipita haraka. Barua zilikuwa na jina la Ahabu, lakini wazee walipomaliza walimpelekea habari Yezebeli. Walijua nani aliyeziandika. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza swali ambalo Kumbukumbu la Torati 13:14 na 19:18 zinawaamuru waamuzi kuuliza kwa bidii, kwamba je, neno hili ni kweli? Taratibu za haki zinahitaji watu wanaomwogopa Mungu kuliko muhuri wa mfalme, na sheria ilipomtaka mwamuzi achukie mapato ya udhalimu ilikuwa ikijiandaa kwa siku kama ile.

13. "Jicho kwa jicho" si sheria ya kisasi?

Ilikuwa maelekezo kwa waamuzi yaliyoweka kikomo: adhabu isizidi kosa. Yesu aliwakataza watu kuichukua kanuni ya mahakama na kuifanya kanuni ya mahusiano yao binafsi (Mathayo 5:38-39).

## Uongozi

14. Je, Mungu alitaka Israeli wawe na mfalme?

Sheria ilimruhusu mfalme bila kumwamuru: taifa litakaposema linataka mfalme kama mataifa mengine, basi na awe yule atakayechaguliwa na Bwana, tena mmoja wa ndugu zao (17:14-15). Wazee walipomwendea Samweli, aliwaonya kwamba mfalme wa namna waliyoitaka atatwaa wana wao, binti zao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mazao yao (1 Samweli 8:11-17). Hatari iliyotajwa pale ni ya mtawala anayechukua.

15. Kwa nini mfalme alikatazwa farasi, wake wengi na fedha nyingi?

Hivyo vitatu ndivyo vilivyoupima ukuu wa wafalme wa nyakati zile. Farasi walikuwa nguvu za kijeshi, na walitoka Misri, nchi ya utumwa. Ndoa nyingi za kifalme zilikuwa mikataba na mataifa jirani, na kila mke alikuja na miungu yake. Fedha na dhahabu zilitoka kwa wananchi. Sheria ilimnyang'anya mfalme vitu ambavyo vingemfanya asimhitaji Mungu wala kuwasikiliza ndugu zake.

Mwandishi wa Wafalme anamweleza Sulemani kana kwamba ameiweka sheria hii mbele yake: talanta 666 za dhahabu kwa mwaka, talanta moja ikikadiriwa kuwa zaidi ya kilo 30; magari 1,400 na wapanda farasi 12,000; farasi kutoka Misri; wake 700 na masuria 300, nao wakaugeuza moyo wake (1 Wafalme 10:14 hadi 11:4). Hekalu alilijenga yeye, na sala yake ya kuliweka wakfu ni mojawapo ya sala kuu za Biblia. Jengo zuri la ibada halikumlinda. Alipokufa, watu walimwomba mwanawe Rehoboamu aupunguze mzigo mzito waliotwishwa, akakataa, na makabila kumi yakajitenga (1 Wafalme 12).

16. Kwa nini mfalme aliagizwa kujipatia nakala ya torati?

Mfalme Hammurabi wa Babeli, aliyetawala hadi karibu mwaka 1750 KK, alichorwa juu ya jiwe la sheria zake akiwa amesimama mbele ya Shamash, mungu wa haki, na sheria zilizo chini yake zimetolewa kwa jina lake mwenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati mfalme hatoi sheria yoyote. Anajiandikia nakala kutoka katika ile iliyo mbele ya makuhani Walawi, anaisoma siku zote za maisha yake, na lengo limetajwa wazi: moyo wake usiinuliwe juu ya ndugu zake (17:18-20). Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha sehemu yote. Kiongozi ni ndugu anayesoma kitabu ambacho wengine nao wamekisikia, kwa hiyo wanaweza kumuuliza. Kila mwaka wa saba torati ilisomwa mbele ya wanaume, wanawake, watoto na wageni (31:10-13).

17. Je, kiongozi mmoja anaweza kushika madaraka yote?

Mpangilio wenyewe unakataa. Mfalme Yehoshafati alipoweka waamuzi Yerusalemu, alimweka Amaria kuhani mkuu juu ya mambo ya Bwana na Zebadia juu ya mambo ya mfalme (2 Nyakati 19:11). Uzia, mfalme aliyefanikiwa kwa miaka mingi, aliingia hekaluni kufukiza uvumba. Azaria na makuhani 80 wakamzuia, naye akapigwa ukoma (2 Nyakati 26:16-21).

## Maswali magumu

18. Je, "msiwaguse masihi wangu" inakataza kumkemea kiongozi?

Masihi ni mtu aliyetiwa mafuta na Mungu. Maneno hayo ya Zaburi 105:15 yanawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nguvu, na wanaoonywa ni wafalme. Kuyageuza yawe ngao ya mwenye madaraka ni kuipindua zaburi yenyewe. Daudi alikataa kumwua Sauli, masihi wa Bwana, lakini alimshtaki kwa sauti (1 Samweli 24:8-15). Nabii Nathani alimwambia Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo", na Paulo alimpinga Petro uso kwa uso (Wagalatia 2:11). Heshima kwa kiongozi inatuzuia kumtukana na kumsingizia, haituzuii kumuuliza.

19. Dhambi iliyotendwa sirini haina mashahidi wawili. Je, aliyeumizwa anyamazishwe?

Hasha. Kanuni ya mashahidi inahusu kumtia mtu hatiani, na haijawahi kuwa sababu ya kukataa kusikiliza. Sheria hiyohiyo inataka waamuzi wachunguze kwa bidii, na inakubali kwamba kitu kinaweza kushuhudia: mabaki ya mnyama aliyeraruliwa yaliletwa yawe ushahidi (Kutoka 22:13). Kuhusu mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu shambani, mahali pasipo mtu wa kumsikia, sheria inasema alipiga kelele na hakuwapo wa kumwokoa, na inatangaza kwamba hana hatia (Kumbukumbu la Torati 22:25-27).

Kwa hiyo wazee wa kanisa wanapopokea malalamiko ya unyanyasaji, hasa wa mtoto, wamwondoe mara moja mtuhumiwa katika nafasi ya kuwafikia wengine, wamlinde mlalamikaji, na walipeleke jambo kwa vyombo vya dola vyenye uwezo wa kuchunguza, maana mamlaka hizo zimewekwa na Mungu kwa kazi hiyo (Warumi 13:1-4). Kumaliza shauri la namna hiyo ndani kwa ndani, kwa maombi na kiapo cha kutolizungumza, ni kurudia walichofanya wazee wa Yezreeli (swali la 12). Na kiongozi akithibitika kuwa na hatia, 1 Timotheo 5:20 inaagiza akemewe mbele ya wote.

20. Nabii ambaye utabiri wake umetimia, je, lazima afuatwe?

Kuna vipimo viwili, na vyote vinahitajika. Kumbukumbu la Torati 18:21-22 inasema neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana, na nabii huyo asiogopwe. Lakini 13:1-3 inamzungumzia nabii ambaye ishara yake imetimia kweli, kisha akawaita watu waifuate miungu mingine, na inaagiza asisikilizwe. Kwa hiyo muujiza peke yake hauthibitishi kitu. Mika anaongeza dalili nyingine anapowataja pamoja wakuu wanaohukumu kwa rushwa, makuhani wanaofundisha kwa ijara na manabii wanaobashiri kwa fedha, huku wote wakisema Bwana yu katikati yao (Mika 3:11). Anayetoza malipo kwa neno la Mungu ameshajibu swali la anamtumikia nani.